Shela Niliyoikata Kutoka kwa Kitambaa cha Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa aibu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kanyakine, na mwezi uliopita wanafunzi wa Nchiru waliniagiza kofia za mchezo wao wa kuigiza kuhusu mabibi wa Ulaya wa zama za kati, zile ndefu zilizochongoka kama pembe, zenye shela inayoning'inia kutoka nchani, nami nikazikunja kwa karatasi ngumu zikasimama vizuri, lakini kila shela mpya niliyoijaribu ilikakamaa, ndipo nikafungua sanduku la mama mkwe wangu nikakata kitambaa yetu ya kichwa ya zamani, kile cheupe cha chama cha akina mama kanisani, kilicholainika kwa miaka arobaini ya kufuliwa, nikijua kabisa amekiweka azikwe nacho.

Sasa anaugua, macho yake hayaoni, na Jumapili alikiomba. Nilimpa kipya. Akakipapasa pembe hadi pembe akitafuta msalaba alioutarizi mwenyewe, nao uko ndani ya droo ya cherehani yangu.

"Karambu, mbona kimekuwa kigumu?"

"Ni sabuni, mama."

"Sabuni gani hiyo inayokula hata msalaba?"

Mume wangu, Riungu, anasema ninyamaze, nitarizi msalaba mwingine, hatajua. Nifanye hivyo?

Karambu, Kanyakine

JIBU

Karambu, umeandika "kitambaa yetu". Kwa sarufi, ni "kitambaa chetu". Kwa haki, ni "chake". Kosa la kwanza ni dogo.

Najua fundi anavyoteseka nguo isipoanguka vizuri. Hata hivyo, hukuteleza: ulifungua sanduku ukiwa na mkasi mkononi. Mwambie Riungu kwamba mama yake amepoteza macho, hajapoteza vidole. Aliyeuliza swali lile la sabuni ameshajua. Anangoja useme.

Usitarizi msalaba wowote. Nenda Nchiru uwaombe wanafunzi shela hiyo, uwashonee nyingine ya chandarua kilichofuliwa mara nyingi, italala vizuri. Rudi na vipande vyote, pamoja na kile cha droo, umwekee mikononi. Sema, "Mama, nilikikata mimi." Usiongeze "lakini". Akitaka viunganishwe, viunge kwa mkono, umeketi kando yake. Akikataa, kubali. Akikukemea, sikiliza hadi amalize. Umemnyima kitambaa, usimnyime na hilo.

Nenda leo, wakati angali anauliza.