Vidato Kumi na Tisa

Nairobi, 4 Machi 1996

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni masomo tu. Natumai wewe u mzima kuliko jirani yetu Kazungu alivyoniandikia. Asema miguu imevimba tena, pumzi zakubana, na vidonge vya kupunguza maji vimejaa koponi. Baba, moyo wako umechoka. Usipovimeza, maji yatapanda mapafuni. Mimi nasomea udaktari, na babangu mwenyewe hataki dawa? Kimoja asubuhi, kimoja mchana. Acha ukaidi.

Binti yako,
Mbeyu

Nairobi, 22 Aprili 1996

Baba,

Shikamoo. Wiki saba sijapata jibu. U hali gani?

Mwalimu wetu, Daktari Oloo, ametupa zoezi: kukaa na mgonjwa bila faili, kumuuliza siku yake hupitaje, kisha kunyamaza. Niliona tunapoteza wakati. Nilipewa mama mmoja, Nekesa, aliyeandikiwa kwamba hafuati maagizo. Kumbe hajui kusoma, na aliona haya kusema. Nilirudi bwenini nikiwaza niliyokuandikia.

Baba, siku yako hupitaje?

Binti yako,
Mbeyu

Mji wa Kale, Mombasa, 3 Mei 1996

Mwanangu Mbeyu,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa uzima uliobaki.

Siku yangu hupita hivi. Nakaa kitandani natazama ukuta wa nyumba ya pili, maana dirisha halina kingine cha kunionyesha. Nikimeza kidonge, saa haiishi kabla sijataka choo, na choo kiko chini, uani. Ngazi ina vidato kumi na tisa. Kazungu hunibeba mgongoni kama mtoto, mbele ya wanawake wanaofua. Akishaenda kazini Makupa kwenye useremala wake, sina wa kunishusha. Mara mbili nimejikojolea. Truphosa, mkewe, alifua shuka asiseme neno, na kunyamaza kwake kuliniuma zaidi. Mimi, niliyeendesha winchi bandarini miaka ishirini.

Basi nikachagua miguu ivimbe. Daktari wa kliniki aliandika kwamba mimi mkaidi, nawe ukaandika vivyo hivyo. Ndiyo sababu sikujibu.

Usimwambie mtu.

Babako,
Kahindi

Mji wa Kale, Mombasa, 30 Juni 1996

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako ya kuomba radhi ilifika. Uliniuliza kama nakuruhusu umweleze Kazungu. Nimemweleza mwenyewe kwa nini nilikuwa simezi vidonge. Akasema, "Mzee, ungesema." Wiki ile ile aliondoa mbao zake katika chumba cha chini, nami nikahamia humo. Hakina dirisha, na chanuka gundi. Mchana nawasha taa. Lakini choo ni hatua tano, naenda mwenyewe nikishika ukuta. Vidonge nameza. Miguu imepungua, ingawa hata Ngome ya Yesu siwezi kufika, na sidhani nitafika tena. Nimetoka kifungo kikubwa nikaingia kidogo.

Jumanne nilipelekwa kliniki. Daktari alifungua faili, hakuniangalia. "Ndiwe yule mkaidi wa dawa?"

Nikamwambia, "Si ukaidi, daktari. Ilikuwa aibu."

Kalamu ikasimama. Akatazama foleni mlangoni, ilikuwa ndefu. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu nami.

"Aibu ya nini, mzee?"

Nilimweleza yote, na sauti haikunitetemeka. Ukishakuwa daktari, mwanangu, usingoje mgonjwa aanze.

Babako,
Kahindi