Swichi Zenye Kelele

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama, ambaye amesimama nyuma yangu akitaka kujua nimeanza kwa kuandika nini. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba yale maumivu ya mgongo uliyoyataja kwenye simu yamepungua. Mama anauliza kama umeshapata koti zito. Usinijibu mimi, mjibu yeye, maana ameniuliza mpaka nimechoka.

Sisi hatujambo, kwa kadiri watu waliofiwa wanavyoweza kusema hivyo. Mama analala kidogo na kula kidogo, lakini ameanza tena kunigombeza kuhusu viatu vyangu vya kazini mlangoni, kwa hiyo nadhani atapona. Watu wameacha kuja. Mwanzoni nyumba ilijaa viti vya kuazima hata pa kupita hapakuwepo. Juzi Fundi Seremala amekuja kuchukua vyake vya mwisho, akabaki amesimama uani akikitazama kile kibanda cha darubini alichomjengea Baba, halafu akaondoka bila kuaga. Unamjua yule bwana, hata akiumwa jino hanyamazi. Kumwona akiondoka vile ndiko kulikoniliza siku ile.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema nikate umeme wa sanduku, nifungue darubini taratibu, nimuuzie yule mwalimu wa fizikia aliyekuwa akiiulizia. Umesema aliyekuwa akiziangalia picha zako hayupo tena, na kila ukiziona zile swichi kwenye simu yako moyo unakufa ganzi. Nimekuelewa, kaka. Hata bisibisi nilikwisha kuishika. Lakini kabla sijalegeza skrubu hata moja, kuna jambo inabidi ulijue. Nimejaribu kulisema kwenye simu nikashindwa. Kila nikianza naishia kukuuliza hali ya hewa. Ndiyo maana nimekaa nikaandika. Soma mpaka mwisho, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Miguu ya Baba ilikuwa imegoma, na njia ya kwenda kibandani ina zile ngazi mbovu. Wewe, Profesa kama Baba alivyozoea kukuita, ndiye uliyekuja na wazo kwamba tutengeneze sanduku la umeme linaloongozwa kwa simu, liwashe kila kitu kule kibandani bila mtu kunyanyuka: feni ya kupoza kioo cha darubini, kamera, mota ya kuigeuza darubini, na ile mota ya geti tuliyoifunga ili ivute paa. Baba angekaa kwenye kiti chake akiangalia picha, na wewe huko uliko ungeweza kuendesha kila kitu kama vile uko uani. Ulituma kompyuta ndogo isiyozidi kipande cha sabuni, nami nikaambiwa mengine nijue mwenyewe, maana fundi umeme wa familia ni mimi.

Usilolijua ni jinsi nilivyogombana na Baba. Nilitaka sanduku likae kibandani, karibu na vyombo vyake, kama fundi yeyote mwenye akili angefanya. Yeye akasema hapana, likae ukutani hapa barazani, pembeni ya kiti chake. Nikamwambia nitapoteza waya mwingi bure. Akasema waya ni wake. Kisha nikamwonyesha swichi za kisasa, zile zisizotoa sauti kabisa, hazina hata kitu kinachochezacheza ndani. Akazipapasa, akanirudishia, akasema hazitaki hizo. Akataka rilei za zamani, zile swichi kubwa za sumaku zenye ulimi wa chuma unaogonga kila umeme unapoingia. Nikamwambia zitapiga kelele nyumba nzima. Akaniambia sawasawa, na kama naona haya kuzifunga aniitie fundi mwingine.

Nilinuna siku nzima. Nilijiambia mzee anakumbuka ujana wake, enzi zile alizokuwa fundi wa mitambo ya simu, kila simu ya mji ikipita kwenye chumba chake kwa kugongagonga. Unakumbuka alivyokuwa akijisifu kwamba alitembea katikati ya makabati yale amefumba macho, akisikia ni swichi gani inaumwa. Basi nikasema tumpe kelele zake afurahi.

Jambo la tatu lilikuwa taa. Nilimwuliza taa ya kibandani ina kazi gani kwenye sanduku wakati hakuna mtu atakayeingia humo, na mwanga wenyewe unaharibu picha. Akasema iweke, na uiweke ya kwanza. Nikaiweka. Shoti ni Shoti, anabisha halafu anatii. Jina hilo alinipa tangu nilipochomeka uma kwenye soketi nikazima nyumba nzima, na mpaka anaondoka hakuniita jingine.

Kazi ikaisha, ukajaribu kutoka huko, paa likafunguka, ukapiga kelele kwenye simu kama mtoto. Tangu hapo kila jioni mbingu zikiwa safi ulikuwa ukija, ukituma picha, na Baba akikujibu. Nimeiona, nzuri sana. Nimeiona, ila leo umechelewa kufungua paa. Nimeiona, usiivute karibu sana mpaka feni imalize kazi yake. Uliniambia siku moja kwamba majibu hayo ndiyo yaliyokuwa yakikuamsha asubuhi kwenda kazini.

Kaka, Baba hakuiona hata picha moja.

Nimeandika sentensi hiyo, nikainuka, nikazunguka uani, nikarudi. Ndivyo ilivyo. Wakati naanza kuunganisha waya, alikaa karibu yangu akinisaidia kwa kunipa vipande vya waya. Nikamwomba wa bluu, akanipa wa kahawia. Nikamwomba tena, akanipa wa kijani. Nikadhani ananitania. Nilipomtazama vizuri nikaona anaangalia bega langu, si uso wangu. Ndipo akaniambia nifunge mlango. Akasema nyota ndogo ndizo zilizotangulia kuondoka, akadhani ni mawingu. Kisha zikaondoka kubwa, na yeye bado akilaumu hali ya hewa. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba amechelewa. Aliyekwisha kujua ni Mama peke yake.

Nilitaka kukupigia saa ile ile. Akanishika mkono, na unajua mikono yake ilivyokuwa. Akasema ukijua utafunga mizigo, na vibali vyako bado havijatoka. Ukitoka huko hurudi tena, na miaka yote uliyohangaika itakuwa imekwenda na maji. Akasema kipofu mmoja anatosha, hataki na mwanawe apoteze njia. Nikaapa. Nilikasirika nikiapa, lakini nikaapa. Ndiyo maana hata alipofariki, na wewe ukakwama huko bila ruhusa ya kusafiri, nilishindwa kukuongezea mzigo huu siku ile ile.

Majibu yale nilikuwa nikiyaandika mimi, yeye akisema. Picha zako nilikuwa nikimweleza kwa maneno, na unajua kwa mambo ya nyota mimi ni mgeni. Ile ya mawingu ya gesi uliyokesha nayo nilimwambia inafanana na sufuria iliyoungua. Alicheka mpaka akakohoa, kisha yeye akanieleza ni nini hasa, na rangi zake ziko wapi. Alikuwa sahihi kila pembe. Mbingu yote alikuwa nayo kichwani, picha hakuzihitaji.

Alichokuwa akikihitaji ni kelele. Giza likianza kuingia alikaa kwenye kiti chake, kichwa amekiegemeza ukutani karibu na sanduku. Mama aliacha kuosha vyombo. Kisha taa: tak! Baba aliinua kidole akasema amefika. Alicheka peke yake, akamwambia Mama kwamba mtoto ameota ndevu, amevuka bahari, na bado anaogopa mijusi ya kibandani. Maana ulipokuwa mdogo hukukubali kuingia mle mpaka taa iwake kwanza mijusi ikimbie. Nawe huko uliko, kaka, bila mjusi wala mlango, kila siku uliiwasha taa kwanza, kisha ukaizima. Nadhani hata wewe mwenyewe hujui. Yeye alijua utafanya hivyo hata kabla sijaifunga.

Kisha feni: tak. Akasema sasa anasubiri kioo kipoe, hilo nilimfundisha mimi baba yake. Kisha paa linanguruma, kisha kamera, kisha darubini inageuka, naye akifuata kila sauti kama mtu anayemsikiliza mwanawe akitembea uani. Ulipomaliza ukazima kimoja kimoja, alisema haya, amekwenda kulala, ndipo na yeye akakubali kushikwa mkono kupelekwa kitandani. Mimi na Mama tulikuwa naye mchana kutwa. Jioni ilikuwa yako.

Wiki ile ya mwisho ilikuwa ya mvua. Nawe, kama mtu mwenye akili timamu, uliona mawingu ukaliacha sanduku lipumzike. Baba hakutaka kulala chumbani. Tukamtandikia pale pale barazani chini ya sanduku. Kila jioni aligeuza sikio ukutani. Siku ile pumzi yake ilikuwa imeshakuwa fupi, na mvua haikuonyesha dalili ya kukatika. Sikuweza kuvumilia. Nikaenda jikoni, nikatoa simu yangu, nikaliwasha sanduku mwenyewe. Nikaanza na feni, nikasubiri kama unavyosubiri, nikawasha kamera, nikawasha darubini. Paa nililiacha kwa sababu ya mvua. Nikarudi barazani nikijifanya natoka kuchukua chumvi.

Alikuwa anatabasamu. Akanipungia mkono nisogee, nikainama. Akasema, Shoti, mwanangu, ahsante. Kisha akasema, lakini kaka yako huanza na taa.

Hakusema tena jambo la maana baada ya hapo. Aliomba maji, aliuliza Mama yuko wapi na Mama alikuwa amemshika mkono. Alfajiri akatutoka.

Sikuandika haya ili ulie, ingawa najua utalia. Mimi mwenyewe karatasi hii ni ya pili, ya kwanza ililowa. Nimeandika kwa sababu umesema aliyekuwa akiangalia hayupo tena. Kaka, hakuna aliyekuwa akiangalia tangu mwanzo. Tulikuwa tunasikiliza. Na bado tunasikiliza. Jioni sasa Mama ndiye anayekaa kwenye kile kiti, anajifanya anachambua mchele, na kichwa kiko ukutani. Jana aliniuliza kama sanduku limeharibika. Nikamwambia halina tatizo. Akauliza, mbona basi mtoto haji?

Mwalimu wa fizikia nimemwambia darubini haiuzwi. Kama utaniona nimekosea, nigombeze ukija. Lakini jioni ya siku utakayoisoma barua hii, hata kukiwa na mawingu, hata mvua ikinyesha, usifungue paa, usipige picha, usifanye lolote jingine. Iwashe taa tu. Rilei yake nimeibadilisha leo asubuhi. Nimeweka kubwa zaidi, mpaka jikoni inasikika.

Mama anakubusu, na anasema koti liwe lenye kofia. Jirani zetu wote wanakukumbuka, na Fundi Seremala amesema ngazi atazitengeneza bila kudai kitu. Jitunze mgongo, kula chakula cha moto, usitembee na mawazo peke yako.

Na mijusi bado ipo, wala usidhani imehama.

Ni mimi mdogo wako,
Shoti