Funguo ya motoka sitamupa

Kapata, jumamosi, siku ya posho

Hapana. Funguo sitamupa.

Tangu kufa kwa bwana yangu, motoka inanizimikia mu njia. Shemeji, mudogo wake, anasema ni marehemu anakatala mwanamuke aendeshe kitu yake. Kesho kisha misa anakuja kuichukua.

Leo ikazima tena nikitoka Kasaji na mahindi ya kuuzisha. Mekanisien, fundi wa motoka, alishabadirisha pompe ya mafuta, bure. Kwa hasira nikafungua tanki nione kama esanse iko. Tanki ikavuta hewa: fyuuu! Nikawasha, ikawaka. Nikafunga, nikaenda kidogo, ikazima. Nikafungua, ikawaka.

Kumbe ni ile plastiki shemeji alikazaka chini ya kifuniko kisha matanga, eti mavumbi ya malori ya mine, ya machimbo, isiingie. Tanki ilikuwa inakosa pumuzi. Na bwana yangu, masikini, banamusingizia mu kaburi!

Plastiki nimeitosha pale chini ya kifuniko. Nimefika nyumbani bila kuzima.

Woga iko, siwezi kuficha. Bo, jamaa ya bwana yangu, ni bengi, mi niko peke yangu na batoto.

Lakini akuje. Nitamuonyesha plastiki yake, kisha nitamurudisha kwake na hii motoka, aone haizimi. Ye nyuma, mi ku usukani.