Kisura Kile Kinachocheka

Chumba cha kushonea,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani? Mwili umeanza kupata nguvu? Unakula? Shemeji naye anaendeleaje? Sisi huku ni wazima kwa rehema za Mungu, ukiacha magoti yangu na kile kikohozi cha baba watoto.

Najua hupokei simu zangu, wala sikulaumu. Ndiyo maana nimeomba daftari la mwanangu nikachana karatasi hizi mbili. Mwandiko uusamehe, mkono huu umezoea mkasi.

Nataka nikueleze lile jambo kama lilivyokuwa, bila kulipamba. Siku ile nilikuwa napinda sketi za sare za shule. Unaijua kazi yangu: mshono ukiisha nakata uzi, nashika simu, natazama. Mshono mwingine, simu tena. Kwenye grupu letu la ukoo, binamu alikuwa ametuma video ya mbuzi aliyeingia saluni. Nikabonyeza kisura cha kucheka. Chini yake kulikuwa na maneno yako: "Ndugu zangu, naombeni mnisikilize." Wewe ukitaka kututania huwa unaanza hivyohivyo. Sikusoma zaidi. Nikabonyeza kisura kilekile, nikarudi kwenye sketi.

Kesho yake shangazi akaja, hata hodi hakupiga. "Mwenzio amezaa mtoto asiye na pumzi, wewe unamcheka? Una moyo gani wewe?" Nikafungua simu, nikasoma mpaka chini. Kisura changu kilikuwa pale, peke yake kati ya pole za watu. Nilikiondoa, lakini wewe ulikuwa umeshajitoa kwenye grupu.

Sikulia, mdogo wangu. Hilo ndilo linalonitisha. Nilimaliza sketi zilizobaki, nikafunga chumba, nikaenda kupika. Nilipiga magoti nikuombee. Maneno yakatoka, mimi mwenyewe sikuwemo. Moyo wangu ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ila umekufa ganzi.

Nikaenda zahanati nikidhani ni presha. Nesi akanipima, kisha akaniuliza, "Mama, kwa siku unaishika simu mara ngapi?" Nikamwambia haihesabiki. Akasema niiweke kando kwa muda, akili ipumzike. Nikafikiri njiani: kila siku harusi za watu, misiba ya watu, ugomvi wa watu, vyote vinapita chini ya dole gumba hilihili, mpaka vikawa uzito mmoja. Na msiba wako ukapita humohumo.

Leo ni siku ya ishirini na sita. Simu iko ndani ya kopo la vifungo, nimebaki na kisimu cha vitufe. Baba watoto ananitania: "Leo umeniuliza habari za kazini! Nimekosa nini?" Sijapona, nisikudanganye. Kila mshono ukiisha mkono bado unaitafuta. Ila juzi mteja alinisimulia ugonjwa wa mama yake, nikashtuka kwamba nimemsikiliza mpaka akamaliza.

Kuna hili pia, nalo ni gumu kuliandika. Kile kigauni cheupe nilichokuwa namshonea mwanao bado kipo, kimebaki upindo tu. Sikuthubutu kukimalizia wala kukifumua. Wewe ndiye mama yake, wewe useme.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako anayekutunza. Shangazi anakusalimu sana. Mimi bado ameninunia. Mungu akae karibu nawe pale sisi tusipofika, na amkumbatie mtoto.

Niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunitukana. Nitausoma taratibu, mpaka chini.

Ni mimi, ninayekupenda hata ndani ya ganzi hii,
Dada yako mkubwa