Shemeji Aliiwasha Injini Kabla Sijafika

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka kwa hasira, maana mama mkwe amehamia kwangu na begi lake na anasema haondoki hadi nimwombe radhi mwanawe, yaani shemeji yangu, kwa kosa ambalo mpaka leo silioni.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na wateja wangu wakubwa wako ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo kila wiki nabeba mafurushi na kuwabembeleza wenye boti, leo nimeachwa gatini, kesho sare zimelowa, nikasema basi, nitafute boti yangu, na mume wangu akafurahi kwa sababu yeye ndiye angeiendesha. Hapo akaibuka kaka yake, tunamwita Kepteni ingawa sijui nani alimpa cheo hicho, akasema ana boti ya kuuza kwa bei ya kutupa kwa kuwa mimi ni wa nyumbani, injini imetumika lakini ni chuma, na kweli rangi yake ilikuwa inang'aa kama imetoka dukani jana.

Tulikubaliana niende saa mbili asubuhi, nikafika kabla ya saa mbili, nikaikuta injini imefungwa kwenye pipa la maji uani kwake, akavuta kamba mara moja tu ikaitika, mume wangu akapiga makofi, lakini mimi nilikuwa nimeshaweka kiganja juu yake kabla hajavuta na ilikuwa ya moto. Nikamwambia, "Shemeji, mbona ina moto?" Akacheka: "Nimekupashia, shemeji, nisikupotezee muda." Nikasema sina haraka, tuiache ipoe kabisa, halafu tukaijaribu ziwani na fundi akiwepo. Mshauri, utadhani nimemtukana! "Yaani mimi unaniletea fundi? Mimi tapeli?" Na mume wangu, badala ya kusimama nami, akanishika mkono akanirudisha nyumbani kama mtoto aliyevunja glasi, na njiani ananiambia nimemwaibisha mbele ya kaka yake, eti mtu wa damu hapimwi.

Naona aibu kusema hili lakini nitasema. Kepteni aliposafiri nilirudi kwake na bisibisi, nikamdanganya mkewe kwamba nimesahau mtandio, nikaikuta injini imeshatolewa pipani, nikalegeza skrubu ya chini karibu na propela, ile ninayowaona wenye boti wakiifungua kumwaga oili, oili ikatoka nyeupe nyeupe kama chai ya maziwa. Nikaipangusa kwa kitambaa, nikakaza, nikaondoka. Oili ya cherehani yangu ni safi kama maji, hii sijui ndiyo rangi yake au nini, na kitambaa nimekificha kabatini.

Sasa kikao cha familia kimeamua niombe radhi na boti niinunue kabla mwezi haujaisha. Mimi sijui kuogelea. Mume wangu anasema anajua, ila sijawahi kumwona. Je, nikubali yaishe ili nilinde ndoa yangu, au nikatae niitwe mkaidi?

Fundi Sare

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Sare, pole sana. Pole hiyo nimeitoa kwa moyo mmoja, sasa niache nikugombeze.

Umenijazia ukurasa kwa habari za kikao na begi la mama mkwe, halafu jambo la maana umelifungia kabatini! Nilimpigia fundi wa injini za boti, mtu asiyekujua wewe wala huyo Kepteni. Nikamsomea barua yako, na nilipofika kwenye chai ya maziwa akanikatiza: "Mwambie aache. Maji yameshaingia kwenye gia." Maana yake sili, ule mpira wa kuzuia maji, imekufa na gia zinaliwa humo ndani. Siku moja injini itanguruma vizuri kabisa na boti haitasogea, nanyi mko katikati ya ziwa na mafurushi yenu.

Nikamuuliza kuhusu ule moto. Akasema injini iliyochoka ni ngumu kuamka ikiwa baridi, ndiyo maana mjanja huiwasha kabla mnunuzi hajafika. Na kwenye pipa kila injini ni shujaa, kwani inasukuma nini? Kwa hiyo kiganja chako kilisema kweli, nawe sasa unataka kukinyamazisha. Ungeletewa cherehani kuukuu, hata na mama yako mzazi, ungeipindua na kuishonesha kitambaa kizito kabla hujatoa hata shilingi. Hapa unaniomba mimi ruhusa ya kutumia akili yako!

Eti mtu wa damu hapimwi. Akija kula, asipimwe, apakuliwe. Akija kuuza, apimwe kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Nimekasirika, tena sana, kwa sababu huyo Kepteni alijua anachofanya alipoipasha kabla hujafika.

Boti hiyo usinunue. Ukipata nyingine, uikute injini ya baridi, oili ifunguliwe mbele yako, fundi uliyemchagua wewe apime mgandamizo wa kila silinda, halafu ijaribiwe ziwani ikiwa na mzigo, nanyi mmevaa maboya. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Radhi unadaiwa moja tu, na si ya Kepteni. Kamwombe mkewe, uliyemdanganya ukafungua mali yao kwa siri. Kisha kaa na mume wako chumbani, mkiwa wawili, umwonyeshe kitambaa. Usimwaibishe mbele ya mama yake, hata kama yeye alikuaibisha.

Halafu nendeni pamoja sebuleni. Mama mkwe akikuambia umemvunjia mwanawe heshima, mjibu kwa adabu, na usipunguze neno: "Mama, wanao ni wawili. Mmoja anauza boti hii, mwingine ndiye atakayeshika usukani wake. Niambie wewe, nimlinde yupi?"