Sheria Imepita, Chiriku Bado

Jumanne, 5 Machi

Leo nimepitisha sheria. Wabunge walisaidia.

Wao wana midomo tu, sauti ni yangu! Bila mimi fundi wa vipaza sauti kule nyuma ya kioo, kidole kwenye kitufe, nani angesikia "ndiyo"? Ndiyooo! Ukumbi ulitetemeka. Niliipandisha kidogo, kusema kweli. Wale wa "siyo" niliwaacha na sauti yao ya mbu.

Sheria yenyewe: waliochukua uraia wa nje warudishiwe wa kwao. Basi Chiriku anarudi! Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliolewa ng'ambo, akaapa kwa bendera ya watu, sasa mjane, anaongea na kuta. Nilimpigia simu, makofi ukumbini bado yanalia. Fungasha, kaka yako amemaliza kazi! Akacheka kile kicheko chake. Halafu akauliza kama mlango wa uani bado unalia.

Nikamwambia unalia.

Jumamosi, 16 Machi

Mpwa wangu, binti yake Chiriku, anapaka chumba rangi ya samawati. Nimemlea tangu ana meno ya maziwa. Cherehani yake ameihamishia sebuleni, mama yake apate nafasi. Nikasimama mlangoni kumfundisha — mimi niliyewahi kupaka hoteli ya ghorofa kumi kwa brashi moja! Akasema, "Basi Mjomba, shika hii." Mgongo ukanikaza ghafla.

Chiriku amemwandikia. Kazini ameshaaga. Chumba alichopanga anakiacha mwisho wa mwezi.

Jumatano, 20 Machi

Uhamiaji. Nimevaa koti la kikao. Dirishani dada mmoja anapuliza chai. Naomba fomu za sheria mpya. Hakuna fomu. Zinakuja lini? Hajui. Nikamwambia sheria imepita, nilikuwepo, niliipaza mimi!

Akasema imepita kweli, baba, na rais ametia saini, ila haijaanza.

Haijaanza vipi? Akanisomea: itaanza siku ambayo waziri ataitangaza. Waziri anasubiri kanuni, kanuni zinasubiri wanasheria, wanasheria wanasubiri bajeti, na bajeti, akasema, unaijua mwenyewe. Wanayo sheria nyingine kabatini tangu yeye hajaajiriwa. Mpaka leo haijatajiwa siku.

Mzee mmoja nyuma yangu kwenye foleni akadakia: ndoa imefungwa, bwana, bibi harusi hajatolewa nje! Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kuliko wote.

Chiriku akija sasa anagongewa muhuri wa mgeni. Mgeni! Nyumba aliyozaliwa! Miezi mitatu, kisha aondoke. Aende wapi? Kazi hana, chumba hana.

Nimeielewa kwa ufundi wangu. Vipaza sauti vimefungwa ukumbi mzima, kazi safi kabisa — na hakuna aliyechomeka waya ukutani.

Nimpigie leo, asikiache kile chumba.

Alhamisi, 21 Machi

Sikumpigia. Mtandao mbovu.

Ijumaa, 22 Machi

Mtandao.

Jumapili, 24 Machi

Mpwa amenikuta natia mafuta bawaba za mlango wa uani, halafu nayafuta haraka haraka kwa kitambaa. Nilikumbuka katikati ya kazi. Usije ukaacha kulia kabla mwenyewe hajausikia.

Akauliza, Mjomba, una nini? Ikabidi niseme. Akakaa kizingitini, rangi mpaka kwenye viwiko.

"Si ulisema sheria ni yako?"

Ni yangu.

"Basi ianzishe."

Ananiambia hivyo mimi! Mimi niliyewahi kumzima waziri katikati ya sentensi kwa kidole kimoja! Tena waziri huyuhuyu wa kutaja siku. Jumanne anakuja kikaoni. Atanitambua.

Jumanne, 26 Machi

Nimemshika waziri! Kwa mikono yangu hii nilimbandika kipaza sauti kifuani, pua kwa pua. Hotuba nilikuwa nayo yote: mdogo wangu, binti yake, chumba cha samawati, siku moja tu, mheshimiwa, taja siku.

Akauliza, "Kinafanya kazi?"

Nikasema, "Tayari, mheshimiwa."

Hiyo ndiyo hotuba niliyotoa.

Jumatano, 27 Machi

Mpwa amenipa hadi leo. Nisipompigia mama yake, anampigia yeye, na atamwambia ni nani aliyesema fungasha. Mtoto niliyemlea mwenyewe! Anavuta midomo kama mama yake.

Na sasa simu inaita hapa mezani. Chiriku mwenyewe, na ile picha yake ya kilemba cha njano. Mpwa amesimama mlangoni. Nitapokea. Acha kwanza niandike hili moja.

Kila asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, mafundi wenzangu hupima vipaza sauti kwa "moja, mbili, moja, mbili". Mimi huita, Chiriku, Chiriku. Halafu natulia kidogo, kama mjinga, nasikiliza.