Kuku wa Afisa Ustawi

Masumbwe

Mwanangu Juliana,

Marahaba, najua umeniamkia. Mahindi yamechanua. Mayala wa jirani ananiandikia.

Afisa ustawi amefika kuuliza kama nitampokea huyo mtoto wa machimboni unayetaka kumuasili. Nikamchinjia kuku, akakataa. "Bibi, kazini siruhusiwi kula."

"Sasa nyumba utaijuaje bila kula?"

Akacheka, akauliza kama asiye wa damu yangu atakuwa sawa na wajukuu wengine. Nikamwambia, "Nimeshampa jina la marehemu mama yangu, Kabula. Nitamfukuzaje mama yangu?"

Akaandika, akasema neno langu ndilo lililobaki. Faili lako sasa linakwenda mahakamani.

Firigisi nimeikausha. Haiguswi na mtu. Mlete Kabula aile.

Mama yako,
Nyanzobe